Kuvuka Likoni na Mbwa Mwoga: Maandalizi Huanzia Nyumbani

Mkazi anayevuka Likoni kila siku huenda hasikii tena king'ora cha feri. Masikio yamezoea. Mbwa anayefikishwa hapo kwa mara ya kwanza hajazoea lolote. Anasikia king'ora, injini za malori na mlango wa chuma ukigonga saruji. Ananusa dizeli, samaki na jasho la mamia ya watu asiowajua. Chini ya nyayo zake kuna sakafu ya chuma yenye joto, tena inatikisika.

Kivuko hiki kinakadiriwa kuvusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku. Katika umati huo mbwa aliyejawa na hofu hawezi kukimbia wala kujificha. Mnyama asiye na pa kukimbilia huuma, hata kama nyumbani ni mpole na hulala na watoto barazani. Ndiyo maana safari ya dakika chache huhitaji maandalizi ya siku kadhaa. Somo hili linaeleza maandalizi hayo hatua kwa hatua.

Swali la kwanza: Je, ni lazima avuke?

Kabla ya yote, mfugaji ajiulize kama safari ina ulazima. Ikiwa mbwa anapelekwa kuchanjwa tu, mkazi wa Likoni, Mtongwe, Timbwani, Bofu au Shika Adabu aulize kwanza katika ofisi ya mifugo iliyo karibu naye. Huenda huduma ikapatikana upande wake wa maji.

Mwenye gari anayetoka Kwale kuelekea bara anaweza kutumia barabara ya Dongo Kundu, inayounganisha Miritini na Kibundani bila kupitia feri. Safari ni ndefu zaidi, lakini mbwa hatakutana na umati.

Ikiwa hakuna njia nyingine, kwa mfano familia inahama au mbwa anahitaji matibabu kisiwani, mfugaji awaulize wahudumu wa kivuko mapema kuhusu utaratibu wa wanyama. Siku ya safari, neno lao ndilo la mwisho.

Kutambua hofu mapema

Watu wengi hudhani mbwa mwenye hofu ni yule anayebweka. Mara nyingi dalili huanza kimyakimya. Hupiga miayo bila usingizi, hujiramba pua, hulaza masikio nyuma na huficha mkia katikati ya miguu. Hutweta hata kama hakuna joto, hutetemeka, na hukataa kipande cha nyama ambacho nyumbani angekirukia. Akifikia hatua ya kukaza mwili na kunguruma, ameshatoa maonyo mengi ambayo hayakusikizwa.

Kumchapa au kumfokea hakumfundishi ujasiri. Humthibitishia kwamba mahali hapo ni pabaya kweli. Vilevile si kweli kwamba kumtuliza kwa sauti ya upole "kunamdekeza". Hofu si utundu, na mbwa humtazama mwenyewe ili ajue kama kuna hatari.

Maandalizi ya wiki mbili

Hatua ya kwanza ni mkanda. Mkanda wa kifuani ni salama kuliko wa shingoni, kwa sababu mbwa mwoga hurudi kinyumenyume na kuchomoa kichwa. Avae nyumbani kila siku, akila na akicheza, hadi ausahau.

Hatua ya pili ni kifunga mdomo. Kinachofaa ni kile cha umbo la kikapu, kinachomruhusu kutweta na kunywa maji. Mdomo usifungwe kwa kamba au kitambaa. Mbwa hupoza mwili wake kwa kutweta, na katika joto la Mombasa kumziba mdomo kunaweza kumwua. Mfugaji atie kipande cha nyama ndani ya kikapu na amwache mbwa aingize pua mwenyewe. Baada ya siku kadhaa, akifunge kwa muda mfupi, kisha muda mrefu zaidi.

Hatua ya tatu ni sauti. Mfugaji arekodi kelele za kivuko kwa simu, kisha azicheze nyumbani kwa sauti ya chini sana wakati mbwa anakula. Sauti iongezwe kidogokidogo siku hadi siku. Mbwa akiacha kula, sauti imezidi; ipunguzwe.

Hatua ya nne ni sakafu. Ubao mpana uliowekwa juu ya vitu visivyolingana, ukatikisika kidogo, unatosha kumzoesha. Apite juu yake kwa hiari yake, akitunzwa kipande cha chakula kila mara.

Hatua ya tano ni kufika karibu na kivuko bila kuvuka. Wakati ambapo watu ni wachache, asimame naye mbali kidogo, watazame, kisha warudi nyumbani. Mara ya pili wasogee zaidi.

Wenye watoto wa mbwa wana nafasi nzuri zaidi, kwani samaki mkunje angali mbichi. Mbwa aliyezoeshwa kelele, watu na magari akiwa mdogo hupata taabu kidogo ukubwani.

Siku ya kuvuka

Saa za msongamano ziepukwe. Asubuhi umati huelekea kisiwani kazini, na jioni hurudi Likoni. Mchana kuna nafasi zaidi, ingawa jua ni kali.

Mbwa asipewe chakula kizito saa tatu au nne kabla ya safari, asije akatapika. Maji apewe. Atembezwe kwanza, ajisaidie na apunguze nguvu. Mfugaji abebe maji, kitambaa, mfuko wa kuzolea uchafu na kadi ya chanjo.

Mbwa ashikwe na mtu mzima mwenye nguvu ya kumzuia, kamwe si mtoto. Kamba iwe fupi, na isifungwe kwenye gari, mkokoteni wala reli ya feri. Geti likifunguliwa, mfugaji aache msukumo wa kwanza upite. Akishaingia, asimame pembeni, mbali na mlango na mahali magari yanapopita, mbwa akiwa kati yake na ukuta wa feri. Feri ikifika asikimbilie kushuka. Mbwa akilala chini na kukataa kuingia, asiburutwe. Warudi nyumbani, na jaribio lifanywe siku nyingine.

Anayevuka kwa gari afuate maagizo ya wahudumu na ahakikishe mbwa amefungwa mkanda kabla dirisha au mlango kufunguliwa. Foleni ikiwa ndefu, mbwa asiachwe ndani ya gari lililofungwa. Joto ndani ya gari lililosimama juani linaweza kupanda kwa takriban nyuzi 10 ndani ya dakika 10.

Dawa za binadamu zisitumike kumlaza mbwa. Hata paracetamol na ibuprofen, ambazo wengi huona ni za kawaida, zinaweza kumsumisha. Baadhi ya dawa za kutuliza nazo hulegeza mwili huku hofu ikibaki palepale. Anayefaa kuamua ni daktari wa mifugo.

Heshima kwa abiria wenzako

Kwa wakazi wengi wa Mombasa ambao ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi. Nguo iliyoguswa huhitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo, kabla ya kuswali nayo. Abiria anayekwenda msikitini akirambwa kanzu, taabu yake si ndogo. Wengine waliwahi kuumwa utotoni na hawataki mbwa awakaribie.

Neno moja mapema huondoa ugomvi. "Samahani mama, huyu ni mwoga, tutasimama kule pembeni," akisema mfugaji, mara nyingi atajibiwa, "Haya mwanangu, bora umesema." Mtoto akinyoosha mkono kumpapasa mbwa, azuiwe kwa upole. Mbwa mwenye hofu hatambui nia njema ya mgeni.

Akiuma, fanya hivi

Hatari kubwa kuliko zote ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huenezwa kwa mate, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki. Hata hivyo, unazuilika kabisa matibabu yakianza mapema.

Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Asipake pilipili, mafuta wala mchanga. Aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo na mwenye mbwa anaapa kwamba mnyama wake ni mzima. Akianzishiwa chanjo, amalize dozi zote kwa tarehe alizopewa.

Mfugaji naye asitoroke. Atoe jina, nambari ya simu na kadi ya chanjo. Mbwa asiuawe kwa hasira, bali afungiwe na ofisi ya mifugo ijulishwe, ili achunguzwe kwa siku 10. Akibaki mzima muda huo wote, hiyo ni ishara kwamba hakuwa akiambukiza alipouma. Mbwa akishauawa na kutupwa, nafasi hiyo ya kumchunguza imepotea.

Kwa sababu hiyo chanjo hutangulia kila hatua iliyotajwa hapa. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Kenya imejiwekea lengo la kuutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu kufikia mwaka 2030, na wataalamu wanakubaliana kwamba angalau asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, maambukizi hukatika.

Kujipima

Kabla ya kwenda kivukoni, mfugaji ajibu maswali haya manne:

1. Je, chanjo ya mbwa wangu ni ya mwaka huu, na kadi ninayo mkononi?
2. Je, anavaa mkanda na kifunga mdomo bila kupigana nami?
3. Je, anakula akisikia kelele za feri?
4. Je, nitakubali kurudi nyumbani akikataa kuingia?

Jibu moja likiwa "hapana", siku ya kuvuka haijafika. Wakazi wenye maswali kuhusu chanjo na afya ya mbwa wanahimizwa kufika katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yao. Feri hurudi kila baada ya muda mfupi, na kungoja wiki moja zaidi ni afadhali kuliko kumpeleka mtoto wa mwenzio hospitali.