Kufundisha Uchoraji wa Nembo: Mfano wa Mtaa wa Mji Mkongwe

Katika shule zetu nyingi somo la nembo hufundishwa kama zoezi la rula na bikari. Mwalimu huchora ngao ubaoni, akaitia mwenge na nyota, wanafunzi hunakili, na kipindi hukwisha kwa kupaka rangi. Nimewahi kukaa nyuma ya darasa wakati wa mazoezi ya kufundisha, nikazihesabu ngao arobaini zilizofanana kama sarafu. Wanafunzi wale walijifunza kunakili, nembo hawakujifunza.

Nembo ni alama moja inayosimama badala ya watu wengi. Mtoto hawezi kuichora kabla hajajua watu hao ni akina nani na wanakubaliana juu ya jambo gani. Hapa nitaeleza somo la vipindi vinne kwa darasa la sita. Mfano wangu ni chama cha wakazi wa Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Chama chenyewe ni cha kubuni: tuseme wakazi wamekutana ili wasafishe vichochoro na kuzitunza nyumba zao za kale, nao wanataka alama ya kuweka katika barua, muhuri na kibao. Mwanachuo atakayepangiwa Ujiji au Bagamoyo autumie mtaa wa huko, wala asiwapelekee watoto milango ya Zanzibar.

Kipindi cha kwanza ni cha kutembea na kutazama. Nembo isitajwe bado. Kila mwanafunzi achukue daftari na kalamu ya risasi, achore vitu vitatu anavyoviona, na kando ya kila kimoja aandike jina lake. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Mlangoni mna miimo miwili, kizingiti cha juu, na mfaa uliosimama katikati. Majina haya yasidharauliwe, maana mtoto asiyejua neno mfaa aghalabu hauoni. Awaulize wenyeji. Tena alinganishe: baadhi ya milango ina kizingiti kilichonyooka, na mingine, iliyofuata mtindo wa Kihindi, ina tao juu.

Kipindi cha pili ni cha kuchagua, na hapa ndipo penye kazi. Wengi watataka Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Mwalimu asiwakataze, awaulize tu kama jumba hilo liko Mkunazini. Haliko: liko Forodhani, na sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Kisha watataka mlango wa nakshi. Rai hii ina nguvu, kwa kuwa kila mgeni huupiga picha, hasa tangu Mji Mkongwe ulipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Lakini nakshi ya milango mingi huzungukwa na mnyororo. Wako wanaoueleza mnyororo huo kuwa ni ulinzi wa nyumba. Wako wanaouhusisha na utumwa. Mkunazini ndipo palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa mahali hapo. Mnyororo ukiwekwa katika muhuri wa mtaa huu, hautasomwa na wote kwa namna moja.

Liko jambo jingine. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, wenye nyumba wengi waliondoka, na nyumba nyingi zikagawiwa familia nyingine. Katika darasa moja anaweza kuwamo mtoto ambaye babu wa babu yake aliuagiza mlango kwa seremala, na mwenzake ambaye bibi yake alipewa chumba kimoja ndani ya nyumba kama hiyo. Wote wawili ni wakazi. Mlango mkubwa hueleza zaidi habari za aliyeujenga; je, na huyu wa pili ataiona nembo kuwa ni yake? Mwalimu asilijibu swali hili kwa niaba yao. Aliandike ubaoni, aliache hapo.

Kwa rai yangu kitu kifaacho zaidi ni baraza ya mawe iliyo mbele ya nyumba. Mpita njia huketi juu yake bila kubisha hodi, na mvua kubwa inapofurika kichochoroni watu huitumia kama njia. Hata hivyo sikuifundisha kamwe kama jibu, na nisingependa mwanachuo aifundishe hivyo. Tena baraza ni ngumu kuchora: ikiwa peke yake huonekana kama tofali. Mtoto ataongeza dele la kahawa juu yake, au watu wawili walioketi, au ukingo wa mlango kwa nyuma. Kulitatua tatizo hilo ndiyo kazi yake ya kipindi cha tatu. Achore kwa wino mweusi pekee, katika mraba usiozidi kisanduku cha kiberiti, kisha mwenzake asimame mwisho wa darasa na kueleza anachokiona. Kisichoonekana kifutwe.

Kipindi cha nne ni cha kupiga chapa. Kiazi kitamu kibichi kikatwe kati, kikaushwe kwa kitambaa, nacho kichongwe kwa msumari au kijiti chenye ncha. Visu abaki navyo mwalimu. Mahali palipochimbwa hubaki peupe, na herufi hutokea kinyume. Basi zichongwe zikiwa zimegeuzwa. Mwacheni kila mmoja akosee mara moja, kwani viazi si ghali. Rangi iwe nzito, la sivyo hutambaa katika karatasi.

Alama zisitolewe kwa uzuri wa mchoro peke yake. Mwaliko upelekwe kwa wazee watatu au wanne wa mtaa, waume kwa wake, waoneshwe chapa zote zikiwa hazina majina, nao waulize wapendavyo. Huenda wakaichagua ile ambayo mwalimu aliiona dhaifu, na uchaguzi wao ushike. Huenda wakazikataa zote, wakitaja kitu ambacho hakuna aliyekichora. Hapo wanafunzi wayafungue tena madaftari ya kipindi cha kwanza, watoke nao nje wakakitazame.