Matunzo ya Pikipiki Yako Kabla ya Mavuno



Zamani karafuu zilitoka shamba kwa kichwa, kwa punda na kwa gari la ng'ombe. Siku hizi wengi wetu tunayo pikipiki, na asiyekuwa nayo huazima ya jirani. Punda akichoka husimama akakataa kwenda, na mwenyewe ukajua. Pikipiki hukubali kila mzigo mpaka siku kitu kinapokatika, na siku hiyo mara nyingi huwa ya mavuno, maana ndipo tunapoipakia sana. Kwa hiyo tumeona yafaa katika ukurasa huu wa mafunzo tuzungumze kazi ambazo mwenye pikipiki aweza kuzifanya kwa mkono wake mwenyewe, jioni, mbele ya nyumba yake.

Mmoja katika sisi tunaotengeneza gazeti hili yalimfika haya msimu uliopita, naye ametupa ruhusa tuyaseme. Alikuwa akirudi nyumbani magharibi na magunia mawili ya karafuu mbichi. Alipofika kwenye mpando mnyororo ukaruka, ukajisokota penye gurudumu la nyuma, na pikipiki ikafa palepale. Fundi wa karibu alikwisha funga, na mvua ikaanza. Magunia yakalala kibandani yamefungwa usiku kucha. Asubuhi alipotia mkono ndani alikuta joto kama la mkate wa mofa. Yaliyofuata wakulima mnayajua: karafuu iliyovundika haipati tena ile rangi nzuri ya kahawia, hutoka nyeupenyeupe na kunywea, na kituoni hushushwa daraja. Wachumaji walilipwa ujira wao kamili, kama ilivyo haki yao. Hasara ikabaki kwa mwenye pikipiki.

Naye sababu alikuwa akiijua. Mnyororo ule ulikuwa ukigonga kwa muda wa wiki mbili, na kila siku alisema, "Kesho."

Basi tuanze na huo mnyororo, au cheni kama wasemavyo mafundi. Isimamishe pikipiki kwa stendi ya kati, gea iwe huru na injini imezimwa. Hili la kuzima injini tunalikazania, kwa sababu wako watu waliopoteza vidole kwa kupangusa mnyororo huku gurudumu likizungushwa na injini. Zungusha gurudumu kwa mkono. Uguse mnyororo wa chini, katikati, uupandishe na kuushusha kwa kidole: katika pikipiki ndogo nyingi tulizo nazo yafaa ucheze kiasi cha sentimita 2 hadi 3, lakini kipimo cha pikipiki yako kimeandikwa katika kitabu chake na hicho ndicho cha kufuata. Pima mahali pengi, maana mnyororo hauliki sawasawa. Utakuta pamoja umelegea na pengine umekaza. Urekebishe kwa kufuata pale palipokaza zaidi.

Kurekebisha ni kulegeza nati ya ekseli ya nyuma, kisha kukaza skrubu mbili za kurekebishia, moja kila upande, kidogo kidogo na kwa kiasi kimoja. Pande zote mbili kuna alama za mistari. Zikiwa hazilingani gurudumu hukaa upande, na mnyororo hula meno. Ukimaliza kaza nati ya ekseli kwa nguvu, kisha pima tena, kwa kuwa kukaza huko huweza kuubadili mnyororo. Wengine hupenda ukaze kama uzi wa zeze. Hilo ni kosa: mtu akipanda na gunia likiwekwa, gurudumu hupanda na mnyororo huzidi kukaza, mwisho beringi hufa.

Kuusafisha, tumia mafuta ya taa na brashi laini. Petroli iache, ni ya hatari, tena huharibu vile vipete vya mpira katika minyororo iliyo navyo. Ukikauka tia oili nzito ya gea upande wa ndani, halafu pangusa ya ziada, kwani mnyororo unaochuruzika oili huokota mchanga wote wa njiani. Wakati mzuri ni baada ya safari, ungali na joto, oili ipate kupenya. Sisi tulio karibu na bahari, na wanaovusha pikipiki kwa mashua, tukumbuke pia kuiosha kwa maji baridi ya kisima. Chumvi haina huruma na chuma. Na ukiona meno ya gurudumu la meno yamechongoka na kupinda kama ndoana, hapo oili haisaidii kitu. Nunua mnyororo mpya pamoja na magurudumu yake yote mawili, maana mnyororo mpya juu ya meno mabovu huharibika upesi.

Oili ya injini itazame pikipiki ikiwa wima mahali palipo sawa. Wenzetu wengine hutia oili yoyote ya gari inayopatikana dukani. Jihadharini: klachi ya pikipiki zetu nyingi imezama katika oili hiyo hiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari hutiwa dawa ya kupunguza msuguano. Klachi huanza kuteleza. Injini yapiga kelele mpandoni na pikipiki haiendi. Nunua oili iliyoandikwa ya pikipiki. Ile chafu uliyoimwaga usiitupe kisimani wala shinani mwa mkarafuu.

Plagi ifunguliwe injini ikiwa baridi, ipanguswe, basi. Chujio la hewa lililo la sponji hufuliwa kwa mafuta ya taa, hukamuliwa bila kusokotwa, hukaushwa, kisha hutiwa oili kidogo. La karatasi halifuliwi. Hukung'utwa tu, na likijaa hubadilishwa.

Sasa breki, na hapa hatutaki mzaha, kwani Pemba yetu ni vilima na mabonde, na kila anayetoka shamba na mzigo huwa anashuka. Breki ya nyuma ya pikipiki nyingi ni ya viatu vilivyo ndani ya habu. Nje pana mshale mdogo na alama. Ukikanyaga breki mshale ukafika kwenye alama au kuipita, viatu vimekwisha, na kukaza waya ni kujidanganya. Kuvibadilisha, kama hujapata kufundishwa, mwachie fundi, lakini simama utazame.

Wako wanaozima injini au kutia gea huru mteremkoni ili kuokoa petroli. Petroli inayookolewa haijazi kikombe cha kahawa, na breki peke yake ikishika muda mrefu hupata moto na kuacha kushika. Ingia gea ya pili kabla hujaanza kushuka, uiache injini ikuzuie. Ukivuka maji bondeni, breki hulowa na kulegea. Zibonyeze kidogo kidogo mara chache ukienda polepole mpaka zishike tena. Kwenye udongo mwekundu uliolowa punguza mwendo kabla ya kona, usishike breki ya mbele ghafula ndani ya kona.

Mzigo uwe chini na karibu na mpandaji. Gunia lililofungwa nyuma sana hunyanyua gurudumu la mbele, na usukani huwa mwepesi mpandoni. Tukumbuke pia kuwa karafuu mbichi kilo 3 hutoa kavu kilo 1 hivi. Mwenye uwanja wa kuanikia huko huko shamba hubebesha pikipiki yake theluthi moja tu ya uzito. Na ukimpakia mama aliyevaa buibui au kanga, usiondoke mpaka amekunja nguo yake yote mbali na gurudumu. Nguo ikinaswa humvuta mtu chini mara moja.

Chini ya kiti weka spana ya plagi, spana ya ekseli, bisibisi, koleo, plagi moja nzima, kipande cha waya na kiungo kimoja cha kuungia mnyororo pamoja na klipu yake. Kiungo hicho bei yake ni ndogo, na ndicho alichokikosa mwenzetu jioni ile. Ukikitia, ule upande wa klipu uliozibika utazame mbele, kule mnyororo unakokwenda, na uliopasuka ubaki nyuma. Ukigeuza, klipu ikigusa kitu huchomoka.