Kabla ya Kufuta, Angalia: Somo la Kupiga Picha za Mandhari kwa Simu



Ndugu msomaji, muhula uliopita niliombwa picha ya Wanale kwa ajili ya kalenda ya jumuiya yetu. Wanale ni ule ukuta wa mwamba ulioko mashariki ya mji wetu wa Mbale, ambao karibu kila mwanafunzi hapa amewahi kuupiga picha. Niliupiga asubuhi, kisha usiku nikakaa na simu. Anga nililipaka buluu kuliko bahari. Nyaya za umeme nikazifuta, na paa moja la bati lililong'aa chini ya mlima nikalifuta pia. Nikaituma kwenye kundi letu kwa fahari.

Ndugu mmoja anayetoka upande ule akajibu: "Akhi, nyumba yetu umeipeleka wapi?"

Wenzangu walicheka. Mimi niliona haya. Nyumba ya watu, anamoishi mama yake na wadogo zake, mimi niliiona uchafu wa kuondoa. Tangu siku hiyo nikaanza kujifunza upya, na haya ndiyo niliyoyapata.

1. Mwanga

Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufariki Cairo karibu mwaka 1040, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia machoni. Kamera nayo hupokea mwanga vivyo hivyo. Kwa hiyo, kabla ya kuulizana bei ya simu, tuulize jua liko upande gani.

Asubuhi jua huchomoza nyuma ya Wanale. Mwamba huwa mweusi na anga huwa jeupe tupu. Baada ya Alasiri jua humulika uso wake, na kila ufa na kila poromoko la maji huonekana. Mimi nilikwenda saa isiyofaa, ndiyo maana nikalazimika kupaka rangi.

2. Mpangilio

Fungua mipangilio ya kamera, uwashe mistari ya gridi. Kioo kitagawanyika vyumba tisa. Usiuweke upeo wa macho katikati. Anga likiwa na mawingu mazuri, lipe sehemu mbili kati ya tatu. Likiwa tupu, ipe ardhi. Kile unachotaka kionekane zaidi kiweke mistari inapokutana.

Kisha tafuta vitu vitatu: cha karibu, cha kati na cha mbali. Migomba karibu, nyumba kati, mlima mbali. Macho ya mtazamaji yatapita humo kama mtu anayetembea njiani.

Nyumba niliyoifuta ndiyo ilikuwa kipimo cha picha. Bila nyumba, mti au mtu, mtazamaji hajui mwamba una urefu gani. Ndivyo ilivyo kule Sipi pia: poromoko la chini lina takriban mita 100, lakini mpaka asimame mtu karibu yake ndipo ukubwa huo unaonekana. Ukitaka kumweka mtu kwenye picha, mwombe ruhusa kwanza.

Na nyaya? Sogea. Mara ya pili nilipiga hatua chache kushoto, zikatoka zenyewe.

3. Fokasi

Futa lenzi kwa kitambaa laini, kwa sababu mafuta ya vidole hufanya picha iwe na ukungu. Gusa kioo mahali unapotaka paonekane vizuri. Kwenye simu nyingi ukishikilia kidole, fokasi hujifunga. Anga likiwa jeupe mno, telezesha kidole chini kupunguza mwanga. Usivute picha kwa vidole, maana simu nyingi za kawaida hukata tu na kupanua, na picha hupoteza ubora. Tembea ukaribie. Bana viwiko mbavuni, au tumia kipima muda cha sekunde chache ili simu isitikisike.

4. Kuhariri

Snapseed ni programu ya bure na inatosha. Fuata utaratibu huu: nyoosha upeo, kata pembeni, punguza weupe wa anga, inua vivuli, mwisho ongeza rangi kidogo tu. Hifadhi picha ya asili. Halafu weka simu chini, nenda kaswali, urudi uzilinganishe mbili hizo.

Sisemi kila anayeongeza rangi ni mwongo. Kamera haioni kama jicho, na kurudisha kile jicho lilichokiona si kosa. Lakini sisi tunaosoma fiqhi tunaijua hukumu ya muuzaji anayeficha nafaka iliyolowa chini ya iliyo kavu. Kipimo changu siku hizi ni hiki: je, anayeishi mahali hapa akiiona picha, atapatambua kwao?

Jumamosi moja nilirudi baada ya Alasiri, na ndugu yule akanipeleka mpaka kwao. Picha iliyoingia kwenye kalenda ina paa la bati, chini kulia, likiwaka kwa jua la jioni. Mama yake aliomba nakala.

Zoezi: chagua sehemu moja ya chuo. Ipige picha jua likichomoza, adhuhuri, na kabla ya Magharibi, ukiwa umesimama palepale. Usihariri chochote. Zipange tatu hizo pamoja, nawe utaona mwanga umefanya nini.

Wabillahi tawfiq.