Filtri na mzunguko wa kurekebisha: nini itangulie?

Wandugu wanafunzi, mlituuliza juu ya nini taa za sala ya jioni zilitetemeka. Kosa lilikuwa letu. Konvertisa ya kushusha umeme wa bateri toka volti 24 mpaka 12 ilikuwa inatumika vizuri, kisha tukaibandikia filtri mwisho, kama kitu kidogo.

Konvertisa inakata umeme mara nyingi, tuseme 50 000 kwa sekonde. Filtri, ni kusema bobini na kondensateri za mlangoni, inazuia makelele yale yasirudi kwa waya za bateri na kusumbua radio. Mzunguko wa kurekebisha, kazi yake ni kuchunga zile volti 12. Taa zikikula wati 48 (tuache zinazopotea kwa joto), konvertisa inavuta ampere 2. Bateri ikishuka mpaka volti 20, inavuta ampere 2,4! Hapa njo fasi ya kushangaa: volti zinapungua, ampere zinaongezeka. Kwa mabadiliko madogo iko kama rezistansi ya chini ya sifuri: 24 × 24 ÷ 48, ni kusema omu –12.

Bobini ya mikrohenri 100 na kondensateri ya mikrofaradi 100 zinapenda kuyumba pamoja karibu mara 1 600 kwa sekonde, kama bembea. Rezistansi ya kawaida inatuliza bembea, ile ya chini ya sifuri inaisukuma. Waya ya bobini yetu ilikuwa na omu 0,05 tu, na hapo kizuizi cha filtri kinapanda mpaka omu 20. Kimepita 12, basi kuyumba hakuishi.

Dawa: kando ya kondensateri tuliweka ingine ya mikrofaradi 400, ikifuatana na rezistansi ya omu 1. Kizuizi kikashuka karibu omu 1.

Kwa hiyo filtri itangulie. Hesabu yake inaomba tu kujua ampere na mwendo wa kukata, haiombi kujua mzunguko. Lakini mzunguko hauwezi kuhesabiwa vema bila filtri, maana filtri inageuza namna konvertisa inavyojibu, hata kama haiyumbi. Bwana R. D. Middlebrook wa California Institute of Technology alionyesha mambo haya mwaka 1976.

Kisha kupanga mzunguko, rudieni filtri na bateri iliyochoka na taa zote zikiwaka. Kwa volti 20 hazibaki omu 12, ni 8,3 tu.