Upendo Mkono Mmoja, Hofu Mkono Mwingine: Somo Kutoka Albamu "Tunnel of Love"

Tunapoandaa wachumba kwa Sakramenti ya Ndoa, huwauliza kama wako huru, kama wanapendana, kama wako tayari kupokea watoto. Mara chache tunawauliza wanaogopa nini. Albamu moja ya Marekani inatuonyesha pengo hilo.

Bruce Springsteen, mtunzi na mwimbaji aliyelelewa Kikatoliki huko Freehold, New Jersey, alifunga ndoa na mwigizaji Julianne Phillips mwezi Mei 1985, umaarufu wake ukiwa kileleni. Oktoba 1987 alitoa "Tunnel of Love", yenye nyimbo 12, nyingi alizozirekodi nyumbani akipiga vyombo vingi yeye mwenyewe. Mwaka 1989 ndoa hiyo ilivunjika kisheria.

Katika "Brilliant Disguise", mume anashuku kwamba mkewe anaficha sura yake halisi. Mwishoni shaka inamrudia yeye mwenyewe. Katika "Cautious Man", mwanamume amechora mikononi maneno mawili: upendo mkono mmoja, hofu mkono mwingine. Usiku anaondoka kitandani hadi barabarani, haoni chochote ila njia tupu, kisha anarudi kwa mkewe aliyelala. Padre Andrew Greeley, mwanasosholojia, aliisifu albamu hii mwaka 1988 katika jarida la Kikatoliki America, akiona ndani yake fikra za Kikatoliki.

Si kazi yetu kuihukumu ndoa ya mtu. Tunajifunza hili: kiapo cha altareni ni cha kweli, lakini hakifuti hofu siku ile ile. Mtume Yohane anafundisha kwamba upendo ukikamilika hofu hukosa nafasi (1 Yoh 4:18). Na kukamilika huko huchukua miaka. Ndiyo maana Kanuni 1063 inawadai wachungaji wawasaidie wanandoa hata baada ya arusi, si kabla tu.

Tena, wimbo hauchukui nafasi ya mazungumzo. Ni rahisi kuueleza umati udhaifu wetu kuliko kumweleza mwenzi mezani. Sisi waseminari tusijidanganye: hata kanzu yaweza kuwa kinyago.

Maswali ya kutafakari
1. Ni hofu gani ambayo hatujamwambia mwenzi, au mlezi wetu wa kiroho?
2. Parokia yetu inawatembelea wanandoa lini baada ya arusi?