Khawarij na Swali la Njiani



Watu wa ghuluwi, yaani wenye kupindukia mpaka katika dini na siasa, hawaanzi kwa upanga. Huanza kwa neno, na neno lenyewe aghlabu huwa zuri. Asemaye kwamba vijana huwafuata kwa ujinga tu, au kwa tamaa ya fedha tu, hajaisoma tarikh ya umma huu. Kwani kundi la kwanza la namna hii katika Uislamu lilikuwa kundi la wasomaji wa Qur'ani, watu wa kufunga mchana na kusimama usiku. Basi yafaa kujua kwanza ni nini kilichowavuta hao, kisha kutazama watu wa kawaida waliokutana nao njiani waliwajibu vipi.

Mwaka 37 Hijria, sawa na 657, jeshi la Seyyidna Ali bin Abi Talib (R.A.) lilipigana na jeshi la Muawiya huko Siffin, kando ya mto Furat. Vita vilipopamba moto watu wa Sham waliinua misahafu juu ya mikuki wakataka hukumu, na Seyyidna Ali akalazimishwa na watu wake mwenyewe kukubali. Wakachaguliwa waamuzi wawili, Abu Musa al-Ash'ari upande huu na Amr bin al-As upande ule. Papo hapo baadhi ya wale wale waliomlazimisha wakageuka, wakapiga kelele kwamba hapana hukumu ila ya Mwenyezi Mungu, na kwamba aliyewafanya wanaadamu kuwa waamuzi amekufuru.

Hebu lizingatiwe neno lenyewe. Muislamu gani atalikanusha? Seyyidna Ali hakulikanusha. Alisema tu kwamba ni neno la haki lililokusudiwa batili. Mtu aliyekwisha kuona ndugu wakiuana, akachoka na wakubwa na mapatano yao ya usiku, akija akapewa neno fupi lenye kukata kila shaka, moyo wake hutulia. Haimbidi tena kupima jambo na jambo. Tena hupewa cheo ambacho hapo kabla hakuwa nacho, cheo cha kuwa katika wachache waliosalimika na watu wote wamepotea. Ladha hiyo ndiyo inayomnasa kijana, na aliye na dhulma ya kweli moyoni hunaswa upesi zaidi.

Walijitenga wakapiga kambi mahali paitwapo Harura, karibu na Kufa. Abdallah bin Abbas (R.A.) akaomba rukhsa kwenda kusema nao, na Seyyidna Ali akamkhofia nafsi yake. Akavaa nguo nzuri ya Kiyaman, akaingia kati yao wakati wa adhuhuri. Akaona vipaji vya nyuso vyenye sugu la kusujudu na mikono iliyokakamaa kama magoti ya ngamia. La kwanza walilomuuliza ni ile nguo yake! Akawajibu kwa Qur'ani kwamba pambo la Mwenyezi Mungu halikuharimishwa, kisha akawataka wataje kinyongo chao, wakataja mambo matatu.

Walisema kwamba Ali amewahukumisha watu katika jambo la Mungu. Akawakumbusha kwamba Mungu mwenyewe ameamrisha waadilifu wawili waamue thamani ya mnyama aliyewindwa na mtu aliye katika ihramu, na ameamrisha waamuzi wawili baina ya mume na mke; je, damu za Waislamu si bora kuliko sungura? Walisema kwamba katika vita vya Jamal alipigana na hakuteka wanawake. Akawauliza kama wao wangemteka mama yao Bibi Aisha (R.A.). Walisema kwamba katika hati ya mapatano alifuta jina lake la Amiri wa Waumini. Akawaambia kwamba Mtume (S.A.W.) siku ya Hudaibiya alikubali lifutwe neno Mtume wa Mungu, na Utume haukumtoka kwa kufutwa wino.

Katika moja ya riwaya watu 2,000 walirejea pamoja naye. Hawa hawakurejeshwa kwa matusi wala kwa kuitwa wajinga, bali walisikilizwa kila hoja mpaka mwisho wake, na aliyewajibu alikijua kile kitabu kuliko wao.

Waliobaki Seyyidna Ali aliwapa ahadi tatu: kwamba hatawazuilia misikiti ya Mungu, hatawanyima fungu lao katika mali ya umma maadamu mikono yao i pamoja na Waislamu, wala hataanza yeye kuwapiga vita. Imamu Shafi'i (R.A.) ameijenga juu ya khabari hii hukumu iliyo mashuhuri katika madhehebu, kwamba watu wakidhihirisha rai ya Khawarij bila ya kuvunja utii wala kumwaga damu, haijuzu kupigwa kwa rai yao tu. Serikali nyingi za leo zingelisoma ukurasa huo zingelijipunguzia maadui, kwani kijana anayekamatwa kwa ndevu zake na asiyeonekana tena na mamake ni mwaliko kwa ndugu zake watatu.

Lakini damu ilimwagwa. Mwaka 38 Hijria kikosi chao kilimkuta njiani Abdallah, mwana wa Sahaba Khabbab bin al-Aratt, pamoja na mkewe aliyekuwa mja mzito. Wakamuuliza juu ya Abubakar na Umar, akawasifu. Wakamuuliza juu ya Uthman, mwanzo wake na mwisho wake, akamsifu. Wakamuuliza juu ya Ali baada ya ile hukumu, akajibu kwamba Ali amjua Mungu kuliko wao. Wakampeleka ukingoni mwa mto wakamchinja, na mkewe wakampasua tumbo. Na watu hao hao, siku hiyo hiyo, mmoja wao aliokota tende iliyoanguka chini ya mtende wakamkemea aiteme kwa kuwa hakuilipia. Na mwingine alipoua nguruwe wa mtu asiye Muislamu walimtaka amridhishe mwenyewe. Ndiyo ajabu ya ghuluwi: mizani yake ni nyepesi katika tende na imevunjika katika roho.

Seyyidna Ali alipotaka apewe wauaji, walimjibu kwa sauti moja kwamba wao sote wamemuua. Hapo ndipo vilipokuwa vita vya Nahrawan, na miaka miwili baadaye, katika Ramadhani ya mwaka 40, mmoja wao akamuua Seyyidna Ali.

Swali lile la njiani halikuishia Nahrawan. Azariqa, wafuasi wa Nafi' bin al-Azraq, walilifanya kuwa mwendo wao: kusimamisha watu, kuwauliza itikadi zao, na kumuua asiyejibu watakavyo. Wanavyuoni waliliita jambo hili isti'radh. (Wasichanganywe nao Maibadhi wa Oman na wa Unguja, kwani Abdallah bin Ibadh alijitenga na Nafi' kwa jambo hili hasa, na vitabu vyao vyajitenga nalo mpaka leo.)

Husimuliwa khabari ya Wasil bin Ata, mkubwa wa Mu'tazila, aliyekufa mwaka 131. Na hapa hapatajwi itikadi yake bali busara yake. Alikuwa safarini na wenziwe wakawaona Khawarij mbele. Akawaambia wenziwe wamwachie yeye maneno. Alipoulizwa, alisema kwamba wao ni mushrikina wanaotaka hifadhi wapate kusikia maneno ya Mungu. Wakapewa hifadhi, wakasomeshwa, kisha Wasil akawadai kile kinachofuata katika aya ya sita ya Sura ya Tawba, kwamba mushriki huyo afikishwe mahali pake pa amani. Wakawasindikiza mpaka wakafika. Lau wangelisema kuwa ni Waislamu wangeliulizwa ni Waislamu wa namna gani, na hapo ndipo penye upanga.

Miaka 1,300 baadaye swali likaulizwa tena, katika nchi ya Kenya, kwenye njia ya Mandera inayopakana na Somalia na Uhabeshi. Alfajiri ya tarehe 22 Novemba 2014 watu wa Al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi, wakawapambanua abiria, na wale waliodhaniwa si Waislamu, 28 kwa hesabu, wakauawa. Wengi katika hao walikuwa waalimu wanakwenda kwao likizo. Baada yake waalimu wengi wa kutoka bara walikataa kurudi, na waliokosa wa kuwasomesha ni watoto wa Kiislamu wa Mandera, ambao wauaji walidai kuwatetea.

Tarehe 21 Disemba 2015 basi jingine, hili likitoka Nairobi, lilipigwa risasi na kusimamishwa karibu na El Wak. Wakaamriwa Waislamu wajitenge. Wanawake wa Kiislamu walikuwa wamekwisha kuwafunika kwa mitandio yao wenzao wa Kikristo, na abiria wakakataa kujitenga. Wakasema wauawe wote pamoja au waachwe wote. Wale wenye bunduki wakaondoka. Watu wawili waliuawa siku hiyo, na mwalimu Muislamu, Salah Farah, alipigwa risasi kwa kukataa kwake. Kitandani hospitali alisema watu waishi pamoja kwa amani, Waislamu wawaangalie Wakristo nao Wakristo wawaangalie Waislamu. Alifariki Nairobi mwezi wa Januari 2016, na mwaka huo serikali ya Kenya ikampa nishani baada ya kufa kwake.

Wa Nahrawan walisema wote wameua. Wa El Wak walisema wauawe wote. Hawakuwa wanavyuoni, na hapakuwa na nafasi ya kujadiliana kama Harura.

Mwanafunzi wa fiqhi aweza kuuliza: je, walifanya lililo halali wale waliomficha asiye Muislamu kwa vazi la Kiislamu, na waliobaki kichwa wazi mbele ya wanaume? Jawabu ni kwamba Imamu Nawawi, akimfuata Ghazali, ametaja kuwa kumficha asiye na hatia na dhalimu ni wajibu hatta ikibidi kusema lisilo kweli. Na damu ya mwenye ahadi na amani imehifadhiwa. Imesihi katika Bukhari kwamba mwenye kumuua hataipata harufu ya Pepo. Jirani na msafiri mwenzi katika nchi moja ni mwenye amani bila shaka. Ama kichwa wazi, dharura huhalalisha lililokatazwa kwa kadiri yake, na hapana dharura kubwa kuliko bunduki iliyoelekezwa kwa roho ya mtu. Na aliyekuwa na mitandio miwili akatoa mmoja, huyo hana hatta suala la kuuliza.