SOMO LA AFYA: MAPIGO YA MOYO WAKATI WA KUPUMZIKA



Mwezi uliopita, kiisha somo la damu, mwanafunzi mumoja wa kalasi ya 4 alinifuata inje. Alikuwa na kipande cha gazeti la Kifaransa, kile walichomufungia mandazi sokoni. Mule alisoma kwamba watu ambao moyo wao unapiga zaidi ya mara 80 kwa dakika, hata wamekaa tu, wanakufa mbele ya wengine. Akajihesabu mwenyewe, akapata 94. Akaniuliza: «Mwalimu, miye sitafika miaka makumi ine?»

Sikumucheka. Nilimwambia ajihesabu tena asubuhi, siku tatu, kiisha arudi. Na kwa sababu najua wengine kati yenu mulikuwa mumejificha nyuma ya mulango kusikia jibu, ninaliandika hapa kwa wote.

Kwanza tujue ni kitu gani tunahesabu. Moyo wa mutu mukubwa aliyetulia unapiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika. Wa mutoto muchanga unapita 120, na hiyo si ugonjwa. Tuseme mara 70: kwa siku moja inakuwa 70 × 60 × 24, ni kusema 100 800. Kila pigo linasukuma karibu mililita 70 za damu. Kwa dakika moja ni karibu lita 5. Sasa mutu aliyezoea mbio, moyo wake umepanuka na kupata nguvu, unaweza kusukuma mililita 100 kwa pigo moja. Kwa lita 5 zilezile mapigo 50 yanamutosha. Ndiyo maana moyo wa mukimbiaji unakwenda polepole: si muvivu, unafanya kazi ileile kwa safari chache.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kipande kidogo kinachoamrisha moyo kupiga, kama kingeachwa peke yake, kingepiga karibu mara 100 kwa dakika. Lakini toka katika bongo kunashuka mushipa wa fahamu, jina lake vagi, ambao unauzuia moyo kama freni ya kinga kwenye mutelemuko. Ukiwa umetulia, freni inashika. Ukiogopa, ukikasirika, ukivuta tumbako, ukiwa na homa, freni inalegea na mishipa mingine inaongeza mwendo. Basi hesabu ya mapigo inatuonyesha pia ginsi freni inavyofanya kazi.

Na moyo wenyewe unakula wakati gani? Hapa mushike vizuri. Sehemu kubwa ya moyo, ile ya kushoto, inapata damu yake hasa wakati inapolegea, si wakati inapokaza. Kwa mapigo 60, kila pigo lina sekunde moja: karibu theluthi moja ni kukaza, inayobaki ni kulegea na kula. Kwa mapigo 120 kuna nusu ya sekunde tu, na muda unaopunguka sana ni ule wa kulegea. Moyo unaokimbia unafanya kazi nyingi na unakula haraka-haraka, sawa mwanafunzi aliyechelewa kwenye sahani.

Sasa tuje kwa lile gazeti. Halikudanganya. Mjini Paris, kati ya 1967 na 1972, waganga walianza kufuata wanaume wafanyakazi wa miaka 42 mpaka 53. Waliwahesabu mapigo wakiwa wamepumzika, kiisha wakawapandisha kinga isiyotembea na kuwahesabu tena. Katika mwaka 2005 Xavier Jouven na wenzake walitoa matokeo ya watu 5 713 ambao mwanzoni hawakuonekana na ugonjwa wa moyo. Wale waliozidi mapigo 75 wakati wa kupumzika walikuwa na hatari ya kufa gafula karibu mara 4 kuliko wale wenye mapigo machache kabisa. Hatari ilizidi pia kwa wale ambao moyo wao haukupanda vizuri wakati wa kazi, na kwa wale ambao kiisha kazi haukushuka upesi.

Mara 4! Hapo ndipo yule kijana alipoacha kusoma, akaanza kuogopa. Lakini mwanafunzi wa hesabu anapaswa kuuliza: mara 4 ya ngapi? Katika miaka 23, waliokufa gafula kati ya wale 5 713 walikuwa 81. Gawanyeni: haifiki 2 kwa mia. Hata ukiwa katika kundi la hatari, wengi zaidi ya kundi lako hawakufa namna ile. «Mara 4» bila hesabu ya chini ni kama kusema bei imepanda mara mbili bila kusema ilikuwa ngapi.

Hesabu nyingine, kubwa zaidi, ilitoka 2016. Walikusanya uchunguzi 46, watu zaidi ya 1 200 000. Kwa kila mapigo 10 yanayoongezeka wakati wa kupumzika, hatari ya kufa katika miaka ya uchunguzi iliongezeka karibu 9 kwa mia. Ni kusema: kama katika watu 1 000 wangekufa 100, kwa wenye mapigo 10 zaidi wangekufa 109. Kwa mutu mumoja ni tofauti ndogo. Kwa muji muzima ni makaburi mengi. Yote mawili ni kweli, na lazima kuyashika pamoja.

Lakini je, ni mapigo yanayoua, ao mapigo yanatangaza tu? Wavutaji wa tumbako, watu wanene, wenye damu kupanda, wasiotembea, wote wana mapigo mengi. Wachunguzi walitoa sababu hizo katika hesabu zao. Tofauti ilipunguka, lakini haikwisha. Kiisha walijaribu njia nyingine. Kuna dawa, ivabradini, ambayo kazi yake kubwa ni kupunguza mwendo wa moyo. Wagonjwa zaidi ya 19 000 wenye mishipa ya moyo iliyoziba-ziba, lakini moyo wao haujachoka, walichunguzwa. Nusu walipewa dawa hiyo. Mapigo yalishuka karibu 10. Matokeo ya 2014: vifo havikupunguka. Lakini kwa wagonjwa ambao moyo umechoka na unakwenda mbio, uchunguzi wa 2010 ulionyesha kwamba dawa hiyohiyo iliwasaidia. Kwangu mimi maana yake ni hii: mara nyingi mapigo ni moshi. Ukiufukuza moshi kwa kipepeo, moto unabaki pale pale.

Na moto wetu hapa si lazima uwe ule wa Paris. Wale walikuwa wanaume wazima, wenye kazi ya mushahara, na wasio na malaria kila mvua. Kwetu homa inapandisha mapigo: kwa kila degre moja ya joto, karibu mapigo 10. Damu kupunguka inayapandisha vilevile, kwa sababu damu yenye rangi hafifu inabeba hewa kidogo na moyo unalazimika kuizungusha haraka. Malaria ya mara kwa mara, minyoo, chakula kisicho na sombe wala maharagi: tafuteni huko kwanza.

Ginsi ya kuhesabu. Asubuhi, mbele ya kuamka kitandani, mbele ya chai. Weka vidole viwili, cha pili na cha katikati, juu ya kifundo cha mukono, upande wa kidole gumba. Usitumie gumba lenyewe, lina pigo lake na litakudanganya. Hesabu dakika nzima. Asiye na saa amwombe mwenzake mwenye saa. Mumoja anaangalia sekunde, mwingine anahesabu. Siku moja haitoshi. Anayepita 100 siku nyingi bila homa, ao aliye chini ya 50 na anaona kizunguzungu, ao mapigo yake yanarukaruka bila mupango, aende kwa munganga.

Yule kijana alirudi na kaye yake: 92, 90, 93, kitandani. Basi haikuwa woga tu. Nilimupeleka kituo cha afya. Munganga alivuta kope la chini la jicho, ndani kulikuwa kweupe kama karatasi. Walipima damu, walipima choo: safura. Akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma vya miezi mitatu. Juzi nilisoma kaye tena. Asubuhi ya mwisho ameandika 74, na chini yake, kwa biki nyekundu, ameniuliza kama sasa anaweza kurudi katika timu ya mupira. Nimemujibu aanze na nusu ya muchezo.

Kazi ya juma hili: jihesabu asubuhi saba, andika kila siku, na siku ya ine ya juma linalofuata ulete kaye. Usiandike hesabu ya jirani.